Mlima Ndio Uliovitunza: Siku Nne kwa Baiskeli kutoka Cahors hadi Conques

Kwenye ramani za barabara za Michelin, ambazo Wafaransa wengi bado huziweka ndani ya gari ingawa simu ndizo zinazowaongoza siku hizi, mwinuko mkali huonyeshwa kwa vishale vidogo vilivyochorwa juu ya mstari wa barabara. Kishale kimoja maana yake ni kwamba njia inapanda kwa asilimia kati ya 5 na 9. Viwili, kati ya 9 na 13. Vitatu, zaidi ya hapo. Na ncha ya kishale siku zote huelekea upande wa juu. Mwenye gari anaweza kukaa na ramani hiyo miaka kumi asivitazame. Mwenye baiskeli huvihesabu kimoja kimoja usiku wa kuamkia safari, kama nilivyofanya mwanzoni mwa Juni nikiwa nyumbani kwangu Toulouse, na ndipo nilipogundua kwamba vijiji vya kale nilivyokuwa nikitamani kuviona kati ya Cahors na Conques, kusini mwa Ufaransa, vingi vilikuwa vimekaa mwishoni mwa kishale.

Watu wanaonisikia nikizungumzia safari hizi hudhani kwamba milima ni ushuru ambao msafiri hana budi kuulipa ili avione vijiji. Mimi nimerudi nikiamini kwamba mlima ndio uliovijenga vijiji hivyo, kisha ndio uliovitunza, na kwamba anayefika juu bila kuupanda kwa nguvu zake mwenyewe huviona vizuri, huvipiga picha, lakini huondoka bila kujua kwa nini viko pale vilipo.

Nimezaliwa Lushoto, kwa hiyo mteremko si kitu kigeni kwangu. Utotoni nilizoea kuona baiskeli zikipandwa wakati wa kuteremka tu. Kupanda ilikuwa kazi ya kukokota, mtu akiwa ameinama ubavuni mwa baiskeli yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kariya. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuupanda mlima akiwa amekaa kwenye kiti na mzigo wake nyuma. Hilo nilikuja kujifunzia Ufaransa, na ningependa kumtaja aliyelipigania.

Paul de Vivie, aliyejulikana zaidi kwa jina la Vélocio, alizaliwa mwaka 1853, akafanya biashara ya hariri na kisha ya baiskeli mjini Saint-Étienne, na akaanzisha jarida la Le Cycliste. Katika zama ambazo wanamashindano waliona kubadilisha gia kuwa ni udhaifu wa wazee na wagonjwa, yeye aliandika mwaka baada ya mwaka kwamba gia nyingi ndizo zitakazompa mtu wa kawaida uhuru wa kwenda mlimani, na akalithibitisha hilo kwa miguu yake mwenyewe, akivuka milima ya nchi hiyo hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1930. Mashindano ya Tour de France hayakuwaruhusu washiriki kutumia kifaa cha kuhamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine mpaka mwaka 1937. Mwaka mmoja kabla yake, sheria ya 1936 ilikuwa imewapa wafanyakazi wa Ufaransa likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wengi wao, ambao hawakuwa na gari wala tumaini la kulipata, walifunga mahema yao nyuma ya baiskeli wakaenda kuiona nchi yao kwa mara ya kwanza. Vélocio aliacha pia mashauri saba kwa msafiri. Nayafuata yote, hasa mawili: kula kabla ya kusikia njaa na kunywa kabla ya kusikia kiu, na kutonyonga baiskeli kwa ajili ya majivuno hata siku moja.

Baiskeli yangu ni ya chuma, nzito kidogo, yenye gia tatu mbele na tisa nyuma. Niliipakia kwenye treni ya mkoa, nikaitundika kwenye ndoano ya behewa, na asubuhi ile ile nikashuka Cahors, mji uliozungukwa na mto Lot karibu pande zote kama kisiwa. Sikukaa sana. Nilivuka daraja la Valentré, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1308 na kuchukua takriban miaka 70, lenye minara mitatu iliyokusudiwa kumzuia adui ambaye hakuja. Wenyeji husimulia kwamba fundi wake, kazi ilipomchosha, aliwekeana ahadi na shetani, kisha akamshinda kwa kumtaka ateke maji kwa chekeche. Shetani kwa hasira akawa kila usiku anang'oa jiwe moja la pembe ya mnara wa kati. Daraja lilipokarabatiwa mwaka 1879, msanifu majengo Paul Gout aliweka kwenye pembe hiyo jiwe lililochongwa umbo la shetani mdogo akihangaika kuling'oa. Nilimtafuta kwa dakika tano nikamwona, nikageuza baiskeli, nikaanza kuufuata mto kuelekea mashariki.

Kilomita 20 na zaidi za mwanzo zilikuwa tambarare, mto upande mmoja na kuta za mawe ya chokaa upande mwingine, mpaka karibu na Bouziès, ambako ukiinua macho unaona ngome iliyojengwa ndani ya pango katikati ya jabali, kumbukumbu ya Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza. Hapo ndipo kishale cha kwanza kilipokuwa. Nilikula ndizi kabla ya njaa, nikanywa maji kabla ya kiu, nikashusha cheni kwenye gia ndogo kuliko zote, nikaanza kupanda kwenda Saint-Cirq-Lapopie kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Kwa mwendo huo hakuna kinachokupita bila kuonekana. Unaona mahali jiwe lilipochongwa ili njia ipite. Unasikia mto ukibaki chini, kwanza kama mazungumzo, kisha kama pumzi. Na kila kona inapokupa nafasi ya kutazama nyuma unaona sehemu ndefu zaidi ya bonde, hadi unapofika mahali ambapo, bila kuambiwa na mtu, unaelewa kwamba aliyekaa juu ya mwamba huu aliweza kuona mashua ikija muda mrefu kabla mwenye mashua hajaanza kutafuta pesa za ushuru. Kijiji kimekaa ukingoni mwa jabali, karibu mita 100 juu ya maji, na koo kadhaa za mabwana wa kale zilikigawana kwa sababu hiyo. Mto ndio uliokuwa barabara kuu. Mvinyo wa Cahors ulishushwa kwa mashua hadi Bordeaux, na mafundi wa Saint-Cirq walichonga mabomba ya mapipa ya mvinyo huo kwa mti mgumu uitwao buis, ambao bado unaota kila mahali kwenye miamba. Chini ya kijiji, upande wa Bouziès, ipo njia iliyochongwa ndani ya jabali katika miaka ya 1840 ili watu na wanyama waweze kuzivuta mashua kwa kamba dhidi ya mkondo. Niliiona kesho yake asubuhi kwa miguu, baiskeli nikiwa nimeiacha juu. Ni korido iliyofunikwa na mwamba upande mmoja na iliyo wazi mtoni upande wa pili, na dari yake iko chini kiasi kwamba mtu mrefu hutembea akiinama.

Kisha reli ikapita bondeni, mizigo ikahama, na mwaka 1926 mto Lot ukaondolewa rasmi kwenye orodha ya njia za majini. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1870 na 1880, mdudu wa filoksera alikuwa amekwisha kuiangamiza mizabibu ya mkoa mzima. Mkoa wa Lot ulikuwa na watu karibu 296,000 mwaka 1851; leo hata 180,000 hawafiki. Nyumba zilibaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga mpya, na mlima haukumshawishi mtu kuleta kiwanda au barabara pana. Chama cha vijiji vizuri zaidi vya Ufaransa kilipoanzishwa mwaka 1982, kikidai kwamba kijiji kisizidi wakazi 2,000 na kiwe na angalau maeneo mawili yanayolindwa kisheria, kilikuta Saint-Cirq kikisubiri pale pale umaskini ulipokiacha.

Nina shauri moja kwa atakayekwenda: afike jioni. Mchana mabasi ya watalii hujaa na vichochoro hugeuka foleni. Saa moja jioni wote huwa wamekwisha kuondoka, wakazi wachache hufungua madirisha, na mbayuwayu hushuka kwa makundi kati ya paa zilizochongoka wakipiga kelele mpaka giza linapoingia. Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa nikiwasikiliza kwa saa nzima.

Siku ya pili nilivuka mto na kuingia bonde la Célé, mto mdogo unaojiunga na Lot karibu na hapo. Juu ya kijiji cha Cabrerets liko pango la Pech Merle, ambalo vijana wa eneo hilo walilichunguza na kugundua michoro yake mwaka 1922. Barabara ya kulifikia ni fupi lakini ina hasira, nami nilikokota baiskeli mita 200 za mwisho kama tulivyofanya Lushoto, bila aibu, maana Vélocio alikwisha kuniruhusu. Wageni huwekewa kikomo kila siku ili pumzi zao zisiharibu kuta, kwa hiyo ni lazima kuweka nafasi mapema. Ndani wamo farasi wawili wenye madoa, waliochorwa takriban miaka 29,000 iliyopita. Kichwa cha mmoja kimefuata umbo la mwamba wenyewe, kana kwamba mchoraji alimwona farasi jiweni kabla hajashika rangi. Pembeni mwao kuna viganja vya mikono, alama iliyoachwa kwa kupuliza rangi kuzunguka mkono uliobandikwa ukutani. Nilitoka nikiwa kimya. Vijiji nilivyokuwa nikiviita vya kale ghafla vilionekana ni vya juzi.

Bonde la Célé ndilo nililolipenda kuliko yote. Magari ni machache, na sheria huwataka madereva waache mita moja na nusu wanapompita mwendesha baiskeli nje ya miji. Wengi wao, niseme kwa haki, waliacha zaidi. Mahujaji wanaotembea kutoka Le Puy kwenda Santiago ya Hispania hupita humo kwa miguu, mimi nikienda upande wanaotoka, kwa hiyo kila baada ya muda nilikutana na mtu mwenye fimbo na kombe la baharini lililofungwa kwenye mkoba, tukasalimiana, kila mmoja akaendelea. Marcilhac-sur-Célé nililala karibu na abasia ambayo sehemu ya kanisa lake haina paa tangu vita vya zama za kati. Nguzo zimesimama, matao yamesimama, na juu yake ni mbingu tu.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba mwanangu. Umeshafika huko ulikokuwa unakwenda?”

“Bado, mama. Nimefika katikati. Kesho napanda tena.”

“Na huko juu kuna nini unachokifuata?”

Nikamwambia kuna kondoo wenye weusi kuzunguka macho kama waliopakwa wanja, kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa bila udongo wala saruji, na hakuna maji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi jaza chupa zako kabla hujalala.”

Alikuwa na haki. Juu ya bonde kuna uwanda mpana wa mawe ya chokaa ambao watu wa huko huuita causse. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini kupitia nyufa za mawe na kutokea tena chini kabisa mabondeni, hivi kwamba juu hakuna kijito hata kimoja. Wazee walichimba vidimbwi ndani ya mwamba kwa ajili ya mifugo, na hadithi husema vya kwanza vilichimbwa na mtakatifu Namphaise, askari aliyeacha vita akawa mtawa. Kondoo niliomweleza mama wako kweli, weupe wenye miduara meusi machoni na masikio meusi; mmoja alinitazama akitafuna mpaka nilipopotea kwenye kona. Vibanda navyo vimetapakaa kwenye mashamba ya zamani ambayo sasa yamemezwa na mialoni mifupi. Nilisimama kwenye kimoja. Kila jiwe la paa limetangulia kidogo mbele ya lile la chini yake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka yanakutana kileleni, na hakuna chochote kinachoyashikilia isipokuwa uzito wao. Ufundi huu wa kujenga kwa mawe makavu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018.

Saa sita mchana chupa zote mbili zilikuwa tupu, na duka la kijiji limefungwa, kwani huko watu hufunga kula mchana na hawana haraka ya kufungua. Wasafiri wa baiskeli Ufaransa wana siri moja ambayo si siri: kila makaburi yana bomba, kwa ajili ya kumwagilia maua. Nilifungua lango la chuma, nikahakikisha hakuna kibao kinachosema maji hayafai kunywa, nikajaza chupa taratibu. Wakati wa kutoka nilisimama mbele ya mnara wa kumbukumbu ya vita. Kijiji kile kina nyumba ambazo ningeweza kuzihesabu nikiwa nimesimama mahali pamoja, lakini majina ya waliokufa kati ya 1914 na 1918 yalijaa upande mzima wa jiwe, na ukoo mmoja ulijirudia mara tatu. Niliyasoma yote kwa sauti ya chini. Nilifikiria wapagazi wa kwetu waliokufa katika vita hiyo hiyo, ambao sanamu ya askari pale Dar es Salaam inawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini haina nafasi ya jina hata moja. Kijiji kidogo hiki, chenye mawe mengi kuliko watu, kiliweza kuwaandika wote.

Mteremko wa kurudi mtoni, karibu na Brengues, ndipo breki ya nyuma ilipoanza kulia kwa sauti ya chuma kwenye chuma. Nilisimama haraka kwa breki ya mbele. Mpira wa breki ulikuwa umelika upande mmoja mpaka ukaonyesha bati lake, na ukingo wa ringi ulikuwa na mkwaruzo unaong'aa. Fundi aliyeikagua baiskeli kabla ya safari alinihakikishia kwamba mipira ile ingemaliza msimu. Nilisikitika, maana katika nchi ya milima breki ni uhai wa mtu. Nilifunga mizigo upya ili uzito mwingi uende nyuma, nikateremka kwa miguu sehemu kali, na kwenye tambarare nikanyonga polepole, nikapita Espagnac-Sainte-Eulalie na mnara wake wa kengele uliojengwa kwa mbao na matofali, hadi Figeac.

Fundi wa huko alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuniuliza natoka wapi. Aliuzungusha mpira mpya katikati ya vidole vyake, akaufunga, kisha akachukua kipande cha kadi akakiweka nyuma ya mpira kabla ya kukaza nati, ili ncha ya mbele iguse ringi kwanza na breki isilie. Alifanya hivyo mara nne, kwa mipira yote minne, ingawa niliomba miwili tu. Nilitumia saa zilizobaki kutembea mjini: nyumba za wafanyabiashara zenye ghorofa ya juu iliyo wazi kwa kukaushia mazao na ngozi, na uwanja ambao sakafu yake ni nakala kubwa mno ya Jiwe la Rosetta, iliyowekwa mwaka 1991 kwa heshima ya mwana wa mji huo, Champollion, aliyezaliwa hapo mwaka 1790 na aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822. Unatembea juu ya herufi.

Siku ya nne nilirudi kwenye mto Lot, nikaufuata hadi Grand-Vabre, nikapinda kuingia bonde la Dourdou. Hapa chokaa imekwisha. Miamba ni ya rangi ya majivu, paa ni vigae vya mawe, na miti ni ya msitu mnene, michestnati kila upande. Conques haionekani kutoka mbali. Unavuka daraja la kale ambalo mahujaji wamelivuka kwa karne nyingi, unapanda njia ya mawe yaliyolainishwa na nyayo hizo, mkali kiasi kwamba gurudumu la mbele linataka kuinuka, na kijiji kinatokea chote kwa pamoja kwenye shavu la mlima, kanisa likiwa katikati kama mama aliyezungukwa na watoto.

Katika karne ya 9 watawa wa Conques walichukua kwa siri mabaki ya Mtakatifu Foy, msichana aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, kutoka Agen, na mahujaji wakayafuata. Juu ya mlango wa magharibi umechongwa Ufufuo na Hukumu ya mwisho, watu na malaika na mashetani 124, na jua la jioni huwapiga usoni moja kwa moja. Ndani, madirisha 104 yaliyotengenezwa na Pierre Soulages na kukamilika mwaka 1994 hayana rangi wala picha. Yanaacha mwanga ubadilike wenyewe saa baada ya saa. Lakini kilichonishika zaidi ni hazina: sanamu ya Mtakatifu Foy iliyofunikwa kwa dhahabu na vito, yenye zaidi ya miaka elfu moja. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, dhahabu za makanisa zilipokuwa zikichukuliwa na kuyeyushwa kote nchini, wanakijiji waliigawana hazina hiyo, wakaificha majumbani mwao, na hatari ilipopita wakairudisha. Watu maskini, katika kijiji kisichofikika kwa urahisi, kila mmoja na kipande cha dhahabu chini ya paa lake, na hawakukiuza. Prosper Mérimée alipofika mwaka 1837 kama mkaguzi wa majengo ya kale, alikuta kanisa likielekea kuanguka na hazina ikiwa salama.

Niliondoka kabla ya jua. Mahujaji wawili walikuwa wakifunga kamba za viatu kwenye ngazi, tukapungiana mikono. Breki mpya zilishika bila kutoa sauti kwenye mawe yenye umande. Nilipofika darajani nilisimama kutazama nyuma. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, msitu ulikuwa mweusi, na ingawa nilisikia kengele ya kanisa ikigonga saa kumi na mbili, iliyo karibu kabisa juu yangu, Conques haikuonekana hata paa moja.